Bomba kavu la zimamoto katika jengo la maegesho lililo wazi: uchambuzi wa kisa kimoja

Usuli

Kisa hiki kimetoka katika mji mmoja wa kaskazini ya Marekani, mahali ambapo baridi ya Januari hushuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri. Jina la mji, la mwenye jengo, la ofisi zilizochora na la mkandarasi nimeyaondoa, na baadhi ya vipimo nimevirekebisha kidogo ili jengo lisitambulike. Nilikuwa miongoni mwa wahandisi wa mifumo ya kuzima moto walioitwa baada ya kikosi cha zimamoto cha mji kurudisha michoro ya kwanza. Nakiandika kwa Kiswahili kwa sababu wapo wenzetu Dar es Salaam, Nairobi na Muscat wanaochora mabomba ya aina hii, na mengi tunayojifunza juu yake huishia kwenye simu bila kuandikwa popote.

Jengo lenyewe ni la kuegesha magari tu. Lina sakafu sita, urefu wake ni mita 60 na upana mita 33. Halina kuta za nje. Kila sakafu imezungushiwa ukingo wa zege unaofika kiunoni, na juu ya ukingo ni hewa tupu. Kanuni ya ujenzi inayofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani hulihesabu jengo kuwa maegesho ya wazi pale ambapo nafasi zilizoachwa wazi ziko pande mbili au zaidi, na eneo lake ni angalau asilimia 20 ya eneo la kuta za mzingo wa kila sakafu. Jengo likishapata sifa hiyo hupewa nafuu nyingi, kwa hoja kwamba moshi na joto hutoka vyenyewe. Toleo la kanuni lililokuwa likitumika katika mji huo halikulazimisha springla, yaani vinyunyizio vya dari vinavyofunguka vyenyewe kwa joto la moto, katika jengo la namna hii, na mwenye jengo aliamua kutoziweka. Nitarudi kwenye uamuzi huo.

Umbo la sakafu lina uzito katika kisa hiki, kwa hiyo naomba msomaji alishike vizuri. Sakafu imegawanyika kwa urefu kuwa mikanda miwili, wa kusini na wa kaskazini. Gari likiingia hupanda mkanda wa kusini kuelekea mashariki, likageuka, kisha likapanda mkanda wa kaskazini kurudi magharibi. Kila mkanda unapanda nusu ghorofa, yaani mita 1.55. Mikanda inakutana usawa mmoja kwenye ncha tu. Katikati ya jengo, ukisimama mkanda mmoja ukatazama wa pili, sakafu yake iko mita 1.55 juu yako au chini yako, na katikati pametandazwa kamba za chuma za kuzuia magari na watu wasianguke. Ngazi za watu zilikuwa mbili, moja kona ya kusini-magharibi na nyingine kona ya kaskazini-mashariki.

Sakafu ya juu kabisa ilikuwa mita 15.5 kutoka barabarani. Kanuni inataka mabomba ya zimamoto pale sakafu ya juu inapozidi mita 9.1 kutoka mahali gari la zimamoto linapofika, kwa hiyo hapakuwa na mjadala wa kuyaweka au kutoyaweka. Swali lilikuwa ni ya aina gani.

Kwa nini kavu

Bomba lenye maji muda wote lingeganda na kupasuka katika majira ya baridi ya kwanza. Kulifunga nyaya za kupasha joto na kulivisha sufi kwenye jengo lisilo na kuta ni gharama ya umeme kila mwaka, na umeme ukikatika usiku mmoja kazi yote imepotea. Ipo njia ya kati, bomba lililojazwa hewa na vali inayofunguka yenyewe, lakini nayo inahitaji chumba chenye joto, kikandamiza hewa na pampu. Kwa maegesho ya wazi yaliyo kwenye baridi ya kugandisha, kanuni inaruhusu njia rahisi kuliko zote: bomba kavu la kuendeshwa kwa mkono.

Bomba hilo halina maji wala tangi, na jengo halina pampu. Ni bomba la chuma lenye midomo chini barabarani na vali kila sakafu. Gari la zimamoto likifika, askari huunganisha mipira yake kwenye midomo ile, pampu ya gari husukuma maji, na askari wa juu hufunga mpira wake kwenye vali ya sakafu anayoitaka. Maji, presha na pampu vyote vinatoka barabarani.

Ruhusa hiyo ina sharti, na sharti ndilo lililozua kisa. Vali za kutolea maji lazima ziwekwe ili kila sehemu ya sakafu iwe ndani ya mita 9.1 kutoka pua ya mpira wenye urefu wa mita 30.5. Ukijumlisha, ni mita 39.6 kutoka vali hadi gari la mwisho.

Michoro ya kwanza

Ofisi ya kwanza iliweka mabomba mawili ya wima, moja kila ngazi, kisha ikachora miduara miwili yenye nusu kipenyo cha mita 39.6. Miduara hiyo ilifunika sakafu yote. Sehemu ya mbali kuliko zote ilikuwa ukingo wa kaskazini, kama mita 21 kutoka ncha ya magharibi, ambayo kwa rula iko mita 39.1 kutoka kila ngazi. Imebaki nusu mita. Kwenye karatasi jengo lilipita, na naelewa kwa nini mchoraji aliridhika: bomba la tatu ni pesa, na hesabu ilikuwa inamkubalia.

Mkaguzi wa zimamoto alirudisha mchoro ukiwa na nukta moja ya kalamu nyekundu pale pale, na swali: mpira utapita wapi kufika hapa?

Tulipolifuata swali hilo kwa miguu, jibu lilikuwa baya. Kutoka ngazi ya kusini-magharibi, mstari wa rula unakatiza kamba za chuma na tofauti ya nusu ghorofa. Mpira hauwezi kupita hapo. Kutoka ngazi ya kaskazini-mashariki mstari unapita juu ya paa za magari yaliyoegeshwa bega kwa bega kando ya ukingo. Askari mwenye mpira uliojaa maji hapandi juu ya magari wala hajipenyezi kati yake. Anatoka ngazini, anaingia kwenye njia ya kuendeshea iliyo katikati ya mkanda, kama mita 8.25 kutoka ukingoni, anaifuata mita 39, kisha anarusha maji mita 8.25 kurudi ukingoni. Jumla ni karibu mita 55.5. Upungufu ulikuwa mita 16 hivi, na si kwa gari moja. Safu nzima ya magari katikati ya kila mkanda, kila sakafu, ilikuwa nje ya uwezo wa mpira.

Nadhani hapa ndipo ufundi wa kazi hii ulipo. Duara hupima umbali ambao ndege angeruka. Mpira wa inchi mbili na nusu uliojaa maji ni mzito, hupinda kwa shida, hunasa kwenye tairi na kwenye kona ya nguzo. Anayechora bila kufikiria magari yameegeshwa, anachora sakafu ya siku jengo linapozinduliwa likiwa tupu.

Bomba la tatu na vali za pande mbili

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuongeza bomba la wima katikati ya jengo, limeegemea nguzo iliyo kwenye mstari wa kukutana kwa mikanda. Kutoka hapo hadi ile nukta nyekundu, kwa njia ya mpira, ni kama mita 26. Kona zilizobaki zilihudumiwa na mabomba ya ngazini.

Eneo la nguzo lilileta jambo ambalo halikuonekana kwenye ramani ya juu. Vali inatakiwa iwe kati ya mita 0.9 na 1.5 kutoka sakafuni, askari aifikie amesimama. Lakini pale nguzoni sakafu ni mbili, moja iko mita 1.55 juu ya nyingine, na kamba za chuma zimezitenga. Vali moja ingehudumia mkanda mmoja tu. Kwa hiyo bomba lile lilipewa vali kwa kupokezana: moja inatazama kusini, mita 1.55 juu yake nyingine inatazama kaskazini, tena kusini, hadi juu. Mkandarasi alilalamika kwamba ni vali mara mbili ya alizopigia bei, na malalamiko yake yalikuwa ya haki. Zabuni ilipigwa kwa mchoro wa kwanza.

Bomba lililosimama kati ya magari linagongwa, hilo halina ubishi. Tuliliweka upande wa nguzo usiotazama njia ya magari, tukazungushia nguzo fupi za chuma zilizojazwa zege. Kila bomba la wima lilipewa vali ya kulitenga chini yake, ili likigongwa na kupasuka, mengine mawili yaendelee kupata maji.

Presha: hesabu inayoanzia kwenye gari

Kiwango cha Marekani cha mabomba haya, NFPA 14, kinataka vali ya juu kabisa iliyo mbali zaidi itoe maji kwa presha ya paundi 100 kwa inchi ya mraba, yaani bar 6.9. Wingi wa maji ni galoni 500 kwa dakika kwa bomba la kwanza na 250 kwa kila bomba linaloongezeka. Kwa mabomba matatu ni galoni 1,000, karibu lita 3,785 kwa dakika.

Bomba la tatu lilikuwa limebadilisha hesabu yote, na mchoro wa kwanza ulikuwa na bomba la mlalo la inchi 4 likiunganisha ngazi na ngazi. Inchi 4 ndiyo kipimo cha chini kinachoruhusiwa, na wengi hukishika kipimo cha chini kama ndicho kipimo cha kawaida. Tulipopiga hesabu ya msuguano kwa chuma kinachokaa kikavu, ambacho hushika kutu ndani na kwa hiyo hupewa alama mbaya ya ulaini, bomba la inchi 4 lilikula kama bar 3 kwa safari ya mlalo peke yake. La inchi 6 lilikula chini ya nusu bar.

Tofauti hiyo ukiipeleka chini barabarani inakuwa hivi. Kwa inchi 6: bar 6.9 za vali ya juu, 1.5 za kupandisha maji, 0.6 za bomba la wima, 0.4 za mlalo, 0.6 za midomo na viungio, jumla bar 10, kama paundi 145. Kwa inchi 4 jumla ilikaribia bar 13, au paundi 186.

Namba mbili hizi zinaonekana jirani hadi utazame gari. Pampu ya gari la zimamoto la Marekani hupimwa kutoa wingi wake wote kwa paundi 150. Kwa paundi 200 hutakiwa kutoa asilimia 70 tu, na kwa 250 nusu. Magari ya kikosi hicho yalikuwa ya galoni 1,250. Asilimia 70 yake ni galoni 875, pungufu ya 1,000 tunazohitaji. Na kwa paundi 186 barabarani, vali za chini zingepata zaidi ya paundi 175, kikomo ambacho kikivukwa unalazimika kuweka vifaa vya kupunguza presha, vitu vinavyohitaji kupangwa na kukaguliwa na ambavyo vikikosewa huleta maafa.

Kulikuwa na sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Tulimuuliza ofisa wa kikosi waendeshaji pampu wake hufanya nini wakiunganisha kwenye bomba la jengo. Alisema huanza na paundi 150, ndivyo walivyofunzwa, kisha husikiliza redio. Basi mfumo unaohitaji 145 utafanya kazi hata kama kibao cha presha kimefunikwa na theluji. Unaohitaji 186 unategemea mtu asome kibao usiku, kwenye moshi. Tulichagua inchi 6.

Uchaguzi huo una gharama yake, na tuliiandika kwenye ripoti. Bomba la inchi 6 lina tumbo. Mfumo mzima ulihitaji takriban lita 2,200 kujaa kabla tone la kwanza halijatoka kwenye pua kwa nguvu. Tangi la gari la kwanza kufika lilikuwa la lita 1,900 hivi. Kwa maneno mengine, bomba lilikuwa na uwezo wa kumeza tangi lote na kubaki na kiu. Hapo haidranti, yaani bomba la maji la zimamoto lililo mtaani, likawa sehemu ya usanifu wetu ingawa liko nje ya kiwanja.

Mdomo wa kuingizia maji

Msanifu majengo alikuwa ameuweka mdomo upande wa uchochoro wa nyuma, ili sura ya mbele ibaki safi. Kutoka hapo hadi haidranti ya karibu, kwa njia ya mpira, ilikuwa zaidi ya mita 70. NFPA 14 inataka isizidi mita 30.5. Pendekezo la pili lilikuwa karibu na lango la magari, na tulilikataa: moto ukitokea, magari yatakuwa yanatoka kwa pupa langoni, na mpira uliolazwa mbele yao utakanyagwa au utawafungia njia.

Tuliupeleka kwenye ukuta imara wa ngazi ya kusini-magharibi, mita 21 kutoka haidranti. Ukuta ule hauna uwazi juu yake. Katika jengo lisilo na kuta, vioo, plastiki inayowaka na hata petroli hudondoka pembezoni, na mwendeshaji pampu hapaswi kusimama chini yake kwa saa nzima. Midomo iliongezwa kutoka miwili hadi minne, mmoja kwa kila galoni 250. Mkaguzi alikuja na kiungio kutoka kwenye gari lake mwenyewe, akakizungusha kwenye sampuli ya mdomo kabla ya kusaini. Moto mkubwa wa Baltimore wa Februari 1904 bado unatajwa katika fani hii: vikosi vya msaada vilifika kutoka miji mingine, na mipira yao ikakataa kuingia kwenye haidranti za pale kwa sababu hesi, yaani meno ya kuzungushia viungio, hazikulingana.

Ujenzi, majaribio na baridi ya kwanza

Mabomba yalifungwa majira ya joto, yote ya chuma kilichochovywa zinki, kwa sababu magari huingiza chumvi ya kuyeyushia barafu na jengo zima hudondokwa na maji ya chumvi miezi mitano. Oktoba lilifanyika jaribio la presha ya maji, paundi 200 kwa saa mbili, likapita. Kisha gari la kikosi likasukuma maji kutoka barabarani, na vali ya juu ya kaskazini-mashariki ikasoma kidogo juu ya paundi 100. Maji yakamwagwa, hati zikasainiwa.

Machi iliyofuata, mfumo ulijazwa hewa kwa presha ndogo. Jaribio hilo la hewa baada ya kila majira ya baridi tulilidai liandikwe kwenye mwongozo wa matunzo, na mwenye jengo alikubali kwa shingo upande. Hewa haikukaa. Fundi alifuata mlio hadi chini ya sakafu ya pili, akakuta kiwiko cha bomba la mlalo kimepasuka ufa wa urefu wa kidole.

Chanzo chake kilikuwa hiki. Wakati wa ujenzi, bomba la maji ya mvua lilikuwa limepita mahali ambapo mchoro haukulionyesha. Mafundi walilishusha bomba letu likapita chini yake na kupanda tena, na kwa bidii njema wakaweka plagi ya kumwagia maji kwenye shimo lile, yaani sehemu ya bomba iliyoshuka. Ila hawakuiandika kwenye mchoro wa mwisho. Oktoba aliyemwaga maji alifungua vali za kumwagia zilizo kwenye orodha. Plagi haikuwemo. Lita chache zilibaki kwenye kiwiko, Januari zikaganda.

Bomba lenye maji likipasuka linajitangaza, sakafu inalowa na mtu anapiga simu. Bomba kavu linaweza kukaa na ufa miaka likionekana zima, na siku ya kujulikana ni siku ya moto.

Moto wenyewe

Novemba ya mwaka uliofuata gari lilishika moto kwenye injini, sakafu ya nne, mkanda wa kaskazini, kama mita 12 kutoka bomba la kati. Mahali hapo mchoro wa kwanza usingefika.

Gari la kwanza liliunganisha kwenye haidranti na kwenye mdomo bila kuhangaika. Maji yalipopanda, presha juu ilikuwa dhaifu. Askari mmoja alishuka mbio na kukuta vali ya sakafu ya pili iko wazi, kifuniko chake cha shaba kimeibwa, maji yanamwagika kwenye magari yasiyo na moto. Aliifunga, na presha ikarudi.

Walioko juu hawakutumia vali ya kaskazini, ingawa ndiyo iliyokuwa karibu. Joto lilikuwa kali. Walifunga mpira kwenye vali ya kusini ya nguzo ile ile, ambako sakafu iko nusu ghorofa chini, wakajikinga nyuma ya zege ya sakafu ya mkanda wa kaskazini na kurusha maji kati ya kamba za chuma. Gari moja liliteketea, mawili ya pembeni yaliungua sehemu. Zege ya dari ilimeguka vipande. Usiku huo baridi ilikuwa chini ya sifuri, na mtunza jengo alimwaga maji kwa kufuata orodha mpya, ikiwemo ile plagi, sasa imefungwa kibao chekundu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kile ambacho mchoraji wa bomba hakuzoea kukiona kama kazi yake: njia ya mpira, gari, haidranti, tabia ya mwendeshaji pampu. Vali za kupokezana nguzoni zilizaliwa na tofauti ya usawa wa sakafu, hatukuziweka kwa ajili ya kinga. Zilipotumika usiku ule zilitupa faida ambayo hatukuihesabu: askari alipata maji akiwa upande wa pili wa zege. Tangu hapo napendekeza mpangilio huo kila penye mikanda ya nusu ghorofa, na nautetea kwa sababu hiyo ya pili.

Jaribio la hewa liliokoa mfumo. Gharama yake ni kikandamiza hewa cha kukodi na asubuhi moja ya fundi. Kiwango cha matunzo cha Marekani kinataka bomba kavu la namna hii lijaribiwe kwa presha ya maji kila miaka mitano. Kwenye baridi ya kugandisha, miaka mitano ni mingi mno kukaa bila kujua. Kama mwenye jengo angekataa lile jaribio la Machi, askari wa Novemba wangesukuma maji kwenye kiwiko kilichopasuka.

Kilichoshindwa kwanza ni udhibiti wa mabadiliko ya kiwanjani. Mafundi waliokwepa bomba la mvua walitumia akili, na plagi yao ilikuwa sahihi. Lililokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kulitembelea bomba lote la mlalo kabla ya kusaini, na kuuliza maji yatatokea wapi katika kila shimo. Hati ya makabidhiano ilikuwa na nafasi ya presha, muda na sahihi. Haikuwa na nafasi ya mashimo.

Kilichoshindwa pili ni vali iliyoachwa wazi. Shaba huibwa kila mahali, na vijana hucheza na vali. Katika jengo lenye bomba la maji tele mchezo huo ungegundulika dakika hiyo hiyo. Hapa vali ilikaa wazi, pengine kwa wiki, na hakuna aliyejua. Baadaye viliwekwa vifuniko vya kufungwa kwa ufunguo wa zimamoto, na mlinzi hupita kila mwezi akizungusha kila vali kwa mkono. Vifuniko hivyo vilikuwa kwenye mapendekezo ya awali, vikaondolewa wakati wa kupunguza bei.

Kuhusu springla. Mwenye jengo alifuata kanuni ya siku zake, lakini msimamo wangu ni kwamba nafuu ile haifai tena. Ilijengwa juu ya imani kwamba gari moja huungua peke yake. Magari ya leo ni makubwa, yamejaa plastiki, yamebanana. Usiku wa mwisho wa 2017 jengo la maegesho la Liverpool, lisilo na springla, lilipoteza magari zaidi ya elfu moja. Oktoba 2023 jengo la maegesho la uwanja wa ndege wa Luton, nalo halikuwa na springla, liliporomoka sehemu katika moto ulioteketeza magari zaidi ya elfu moja. Toleo la 2021 la kanuni ya ujenzi tuliyoitumia sasa linadai springla kwenye maegesho ya wazi yanayozidi futi za mraba 48,000, karibu mita za mraba 4,460. Jengo letu lina karibu 11,900. Bomba kavu huanza kazi gari la zimamoto likishafika, na bomba likishajaa. Springla huanza dakika za kwanza, hata kama mfumo wake nao ni mkavu kwa sababu ya baridi.

Kwa wanaochora Afrika Mashariki

Dar es Salaam na Nairobi hakuna barafu, na wengi wetu tumerithi utaratibu wa Kiingereza. Humo, kwa kiwango cha BS 9990, bomba kavu hukubalika hadi kimo cha mita 50, juu ya hapo ni bomba la maji tele. Gari liweze kusimama ndani ya mita 18 kutoka mdomo. Ukaguzi wa macho ni kila miezi sita, na jaribio la maji kila mwaka. Jaribio la kila mwaka ni bora kuliko lile la miaka mitano, mradi lifanyike kweli.

Mambo matatu ya kisa hiki yanahamia huku moja kwa moja. Umbali upimwe kwa njia ya mpira huku magari yakiwa yameegeshwa. Kutu ya ndani ichukuliwe kwa uzito: bomba linalolowa mara moja kwa mwaka kisha likabaki na maji kidogo na hewa ya bahari huoza haraka kuliko lililojaa. Na vali zikaguliwe kwa mkono, kwa sababu bei ya shaba inajulikana hata kwa wasiojua kazi ya bomba.

La nne ni gumu zaidi. Mfumo huu hauna maji yake. Pale ambapo haidranti ya mtaa haitoi maji saa zote, bomba kavu litategemea tangi la gari, na tumeona tangi moja linavyoweza kuishia tumboni mwa bomba. Katika hali hiyo ningechora tangi la ardhini kwenye kiwanja, lenye mdomo wa kufyonzea ambao pampu ya gari inaweza kuufikia, na ningeweka ujazo wa bomba kwenye hesabu ya tangi hilo. Na pale kikosi kinapokuwa na magari yaliyotoka nchi tofauti, viungio vyake huenda visifanane. Kabla ya kuagiza midomo, chukua sampuli uende nayo kituoni, muombe afande wa zamu akufungulie kabati la gari, ujaribu kila mpira alionao.